Baiskeli ya Safari Ndefu

Watu wengi wanapoyataja mambo ya utamaduni wa taifa hukumbuka kwanza ngoma, hadithi, mapishi na mavazi. Ni wachache wanaoikumbuka baiskeli. Huenda sababu ni kwamba chombo hiki kililetwa kutoka ng'ambo, na jina lake lenyewe haliufichi ugeni huo. Lakini tukichungua vizuri tutaona kwamba ingawa jina ni la kigeni, viungo vyake vilikwisha kupewa uraia zamani. Kile tunachokishika kwa mikono tunakiita usukani, neno la mabaharia. Pale pa kukalia wazee wetu walipaita tandiko, kana kwamba ni punda anayetandikwa kabla ya kupakizwa. Vile viduara vya chuma vinavyozunguka ndani ya kitovu cha gurudumu ni gololi, na watoto wetu huzijua gololi kwa mchezo kabla ya kuzijua kwa ufundi. Watu wa pwani hawakungoja kufundishwa. Walikitazama chombo kipya kwa macho ya watu waliozoea jahazi na punda, wakakipa majina kwa kadiri ya kazi walizoziona.

Hata hivyo, hatukusudii kueleza hapa habari zote za baiskeli. Tunataka kulizungumza jambo moja tu, ambalo sisi tunaokaa Mtanda, katika mji wa Lindi, lilitushughulisha kwa muda wa miezi miwili mwaka 2022. Mtu anayetaka kusafiri mwendo wa siku kadhaa kwa baiskeli, akiwa amechukua maji yake, chakula chake na nguo zake, achague baiskeli ya namna gani? Swali laonekana dogo. Lakini kwa mtu mwenye mshahara wa ualimu baiskeli si kitu cha kununua leo na kutupa kesho. Atakayoichagua ndiyo atakayoishi nayo.

Tulikuwa walimu watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Tuliazimia kwenda Kilwa Masoko, na kutoka huko kuvuka bahari kwenda Kilwa Kisiwani, tukayaone magofu ambayo kwa miaka mingi tumeyafundisha darasani kwa kutumia picha za kitabu: Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, na ule mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 akausifu. Basi lingetufikisha kwa saa chache. Lakini njia ya kutoka Lindi kwenda Kilwa tulikuwa tukiijua kwa kuchungulia dirishani tu, na vijiji vyake tulivijua kama majina yaliyoandikwa kwenye vibao. Tuliona ni aibu kwa mwalimu wa jiografia na mwalimu wa historia kuwa wageni katika mkoa wao wenyewe.

Wawili kati yetu walikuwa na baiskeli za zamani zilizohitaji matengenezo. Mwalimu mwenzetu wa kike hakuwa na baiskeli kabisa. Fedha alizozitegemea zilikuwa za zamu yake ya upatu, ambayo aliingoja kwa karibu mwaka mzima, na nyumbani kwake yalikuwapo mambo mengine mengi yaliyozidai fedha hizo hizo. Hapo ndipo maongezi yetu, yaliyoanza kama mzaha wa mapumziko ya saa nne, yalipokuwa mazito.

Yafaa tukumbuke kwamba baiskeli tunayoijua haina umri mkubwa. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli iliyoitwa Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Miaka 3 baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop akatoa huko Belfast tairi la kujazwa upepo. Tangu hapo umbo la chombo hiki halikubadilika sana. Kampuni ya Raleigh ya Nottingham, na nyingine za Uingereza, zilisambaza katika makoloni baiskeli nzito ya inchi 28 yenye fremu ya chuma, breki za fimbo, madigadi na keria. Kiwanda cha Nottingham kilifungwa mwaka 2002, lakini umbo lile lile linaendelea kuundwa Uhindi na Uchina. Hero na Avon hutoka Ludhiana, na Phoenix ni ya Shanghai. Wenye umri wa kutosha wanaikumbuka pia Swala, baiskeli iliyotengenezwa hapa hapa nchini mwetu.

Baiskeli hiyo ya inchi 28 ndiyo iliyochukua madumu ya maji, magunia ya korosho, mkaa, samaki wa Mchinga, mgonjwa wa kupelekwa hospitali na wakati mwingine bibi harusi. Tangu pikipiki za bodaboda zilipoenea, vijana wengi wamekuwa wakiidharau, wakiona kwamba ni chombo cha mtu aliyeshindwa kununua pikipiki. Sisi hatukubaliani nao. Pikipiki ikiishiwa petroli katikati ya pori la Mbwemkuru huwa ni mzigo wa kusukumwa. Baiskeli humtaka mwenyewe ale ugali tu.

Jambo la kwanza la kuangaliwa katika uchaguzi ni mzigo, na ni ajabu kwamba wauzaji wengi hulitaja mwisho. Msafiri wa siku nne au tano huchukua dumu la maji la lita 5, na hizo pekee ni kilo 5; huchukua unga au mchele, sufuria, mkeka, chandarua, nguo, pampu na spana. Hukumu yetu ni kwamba mzigo ukizidi kilo 20 mtu ameanza kusafiri na nyumba yake. Kuhusu mizigo na njia ndefu mkoa wetu una historia yake. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walifukua mifupa ya madubwana ya kale katika kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi ya Lindi, na zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake zilifikishwa bandarini Lindi. Hazikuja kwa gari wala kwa reli. Zilichukuliwa vichwani na mabegani na wapagazi, mwendo wa siku kadhaa kila safari, na leo mmoja wa wanyama hao amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin akiwa na urefu unaowashangaza watazamaji. Majina ya wale waliomfikisha baharini hayakuandikwa ubaoni pamoja na lake. Tunalitaja jambo hili kwa sababu wanafunzi wetu wakiambiwa kwamba gurudumu ni uvumbuzi mkubwa husikiliza tu kwa adabu. Wakiambiwa habari za Tendaguru huelewa.

Sasa mzigo wa baiskeli hauelemei mahali pote sawasawa. Mpandaji hukaa karibu na gurudumu la nyuma, na keria nayo iko nyuma. Kwa hiyo gurudumu la nyuma ndilo linaloteseka. Waingereza waliliona jambo hili mapema, wakaziwekea baiskeli zao spoku 32 mbele na 40 nyuma. Mtu anayenunua baiskeli ya safari na asihesabu spoku za gurudumu la nyuma ni sawa na mtu anayenunua nyumba bila kutazama paa. Baiskeli nyingi mpya za kupendeza zina spoku 36 nyuma, na zipo zenye pungufu ya hizo. Kwa kwenda sokoni hazina neno. Kwa kubeba kilo 20 juu ya matuta na mashimo, spoku moja ikikatika nyingine huifuata, na rimu huanza kucheza kama sahani iliyopinda.

Tulizo nazo Lindi mtu anaweza kuzigawa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni hiyo baiskeli nzito ya inchi 28. La pili ni baiskeli kuukuu zinazoletwa kutoka Japani na Ulaya, zilizotumika huko na kupakiwa kwenye makontena. Nyingine zina gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, nyingine zina gia nyingi za nje. La tatu ni baiskeli mpya za bei nafuu zenye springi mbele, na mara nyingine springi katikati, rangi zinazong'aa na maandishi mengi. Hizi za tatu ndizo zinazowavutia vijana. Mmoja wetu alikwisha kuipenda moja kwa macho, akatushawishi twende tukamwulize fundi.

Fundi wetu ni mzee anayefanya kazi chini ya mwembe huko huko Mtanda. Tulimwamkia, akaitikia, akaendelea kuziba tyubu ya mtoto mmoja mpaka alipomaliza, kwa maana yule mtoto alitangulia. Kisha akaishika baiskeli ile yenye springi, akaikandamiza mara mbili kwa uzito wake wote, akaiachia.

"Walimu," akasema, "kila mnapokanyaga pedali, nguvu nyingine itaingia huku kwenye springi badala ya kwenda kwenye gurudumu. Na siku ikifa, mimi sina ya kuweka."

"Mzee, haiwezi kuchomelewa?" tukamwuliza.

"Fremu hii ni ya alumini. Mchomeleaji wa madirisha hawezi kuishika. Nileteeni ya chuma, nitaitengeneza hata kwa moto wa mkaa."

Maneno haya yalituonyesha kanuni ambayo wasafiri wa dunia nzima wameifikia kwa njia zao. Mpoland Kazimierz Nowak aliizunguka Afrika kuanzia mwaka 1931 hadi 1936, sehemu kubwa ya safari akiwa juu ya baiskeli ya kawaida ya wakati wake, na palipokataa baiskeli alikwenda kwa miguu, kwa farasi, kwa ngamia na kwa mtumbwi. Wasafiri wa siku hizi wanaotoka Ulaya kwenda mabara mengine, ijapokuwa wana fedha za kununua fremu nyepesi kuliko zote, wengi wao bado huchagua chuma, kwa sababu penye kijiji pana mtu wa kuchomelea chuma. Aidha kwa muda mrefu walipenda magurudumu ya inchi 26, wakijua kwamba tairi la kipimo hicho hupatikana karibu kila nchi. Kanuni ni kwamba msafiri asichague gurudumu lililo bora katika kitabu, achague lile ambalo tairi lake linauzwa katika njia atakayopita.

Tulilifanyia jambo hili utafiti wetu mdogo. Kila aliyekuwa akienda Mchinga, Kiranjeranje au Nangurukuru kwa shughuli zake tulimwomba achungulie dukani atuambie kuna matairi gani yametundikwa. Majibu yalifanana. Tairi la inchi 28 lilikuwapo, la 26 lilikuwapo mara nyingi, na la vipimo vingine lilikuwa la bahati. Hali kadhalika spoku za inchi 28 zilipatikana hata katika maduka yanayouza chumvi na betri za tochi. Huo ndio uliokuwa mwisho wa habari za baiskeli yenye springi. Mwenzetu alinung'unika siku mbili, kisha akakubali kuifufua Phoenix aliyoachiwa na baba yake.

Juu ya vali ya tyubu palizuka mjadala ambao huenda msomaji akauona wa kuchekesha. Vali za zamani zina kipira chembamba kinachovikwa juu ya kijiti cha chuma. Kikichakaa upepo hutoka polepole usiku kucha, lakini mtu mwenye kipande cha inchi moja mfukoni hukibadilisha kwa dakika mbili. Vali mpya ni kama zile za pikipiki, na faida yake ni kwamba kijana yeyote wa bodaboda anaweza kukujazia upepo. Fundi alipendelea za zamani. Sisi, kwa kuwa bodaboda sasa wako kila njia panda, tulichagua mpya, na katika hili peke yake tulithubutu kumpinga.

Jambo lililotushughulisha zaidi lilikuwa gia. Baiskeli ya inchi 28 kwa kawaida haina gia za kubadilisha. Ina meno yake mbele na meno yake nyuma, basi. Hapa mwalimu wa hesabu anaweza kupata somo la nusu saa. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja huenda kiasi cha meta 2.2. Kama mbele kuna meno 44 na nyuma meno 18, mzunguko mmoja wa pedali huzungusha gurudumu mara 2.44, na baiskeli husogea karibu meta 5.4. Ni mwendo mzuri penye tambarare na bila mzigo. Lakini penye kilima, na mzigo wa kilo 20, magoti hulia. Tukiliondoa friwili la meno 18 na kuweka la meno 22, gurudumu litazunguka mara 2 tu, na baiskeli itasogea meta 4.4. Tumepoteza meta moja, tumepata wepesi. Mtu anayekanyaga mizunguko 60 kwa dakika ataendelea kwenda karibu kilometa 16 kwa saa, ambayo ni mara tatu ya mwendo wa mtembea kwa miguu. Kwa safari yetu ilitosha kabisa. Friwili la meno 22 lilikuwa na bei ndogo kuliko kitu kingine chochote tulichonunua, na tunadhani ndilo lililotusaidia kuliko vyote. Ilibidi tu kuongeza pingili za mnyororo.

Breki za fimbo zina sifa mbaya na zinastahili sehemu ya sifa hiyo. Zinabana upande wa ndani wa rimu ya chuma, na rimu ya chuma ikilowa mvua huteleza. Mtu asidhani kwamba anaweza kuziondoa akaweka za waya zinazobana kutoka ubavuni, kwa kuwa umbo la rimu hizo halikubali. La kufanya ni kununua raba mpya, kuzinyoosha fimbo zilizopinda, na kuanza kushika breki mapema kwenye mteremko.

Tunarudi sasa kwa mwalimu mwenzetu wa kike, ambaye uchaguzi wake ulikuwa mgumu kuliko wetu. Sisi wanaume tulikuwa tunatengeneza tulichokuwa nacho. Yeye alikuwa ananunua. Juu ya hayo, alikuwa na mambo mawili ya kuyafikiria ambayo hatukuwa nayo. La kwanza lilikuwa mavazi. Fremu ya kiume ina bomba la juu, na mtu anayevaa gauni refu au kanga hawezi kulipitisha mguu wake kwa heshima anayoitaka. Fremu ya kike, yenye bomba lililoinama, humwondolea taabu hiyo. Lakini ufundi una ukweli wake. Bomba la juu ndilo linaloitia fremu nguvu, na likiinamishwa fremu hunesa kidogo chini ya mzigo mkubwa. Sisi wawili, kwa nia njema, tulimshauri anunue ya kiume avae suruali. Tulimchorea hata pembetatu ubaoni.

La pili lilikuwa maneno ya watu. Katika mitaa yetu msichana akiendesha baiskeli kwenda shule watu hawashangai tena, lakini mama mwenye watoto kwenda Kilwa kwa baiskeli pamoja na wanaume wawili ni jambo jingine. Mama mmoja mzee, jirani yake, alimwuliza kama basi zimekwisha. Mumewe hakupinga, alisema tu kwamba fedha za upatu zikitumika kwa safari ya siku tano, mwezi utakaofuata zitakumbukwa kwa uchungu.

Alitusikiliza sote. Kisha siku moja baada ya masomo alituambia, "Ninyi walimu wenzangu mnachagua baiskeli ya kwenda Kilwa. Mimi nachagua ya kwenda Kilwa, ikirudi ichote maji, impeleke mtoto zahanati, na binti yangu aipande akiwa na sare ya shule. Siwezi kununua mbili."

Hatukuwa na jibu, na pembetatu yetu ilifutwa ubaoni. Alinunua baiskeli ya kike ya inchi 28 kutoka Uhindi, yenye spoku 40 nyuma na kikapu mbele. Kwa sababu ya ule unesaji wa fremu, fundi alimshauri asiweke mzigo wote juu ya keria. Alimshonea mifuko miwili ya turubai ya kuning'inia pande zote mbili za gurudumu la nyuma, chini kabisa, na vitu vizito kama maji vikagawanywa, vingine nyuma na vingine kikapuni. Baiskeli iliyopakiwa chini hutulia, kama jahazi lenye shehena tumboni. Tulipoziona mifuko zile zikifanya kazi vizuri tuliziiga katika baiskeli zetu.

Kabla ya kulipa fedha kwa baiskeli yoyote, iwe mpya au kuukuu, fundi alitufundisha kuipima, nasi twawapa wasomaji mafunzo hayo kama tulivyoyapokea. Nyanyua gurudumu ulizungushe, ukiliegemezea kidole gumba karibu na rimu. Rimu isikaribie na kukimbia kidole. Piga spoku moja moja kwa ukucha kama mtu anayejaribu zeze; inayolia chini kuliko wenzake imelegea. Shika pedali uitikise kushoto na kulia, siyo kuizungusha, na ikigonga ujue gololi au bakuli yake imekwisha. Tazama chini ya fremu pale mabomba yanapokutana, maana kutu hupenda kujificha hapo, hasa kwetu ambako upepo wa bahari una chumvi. Pima mnyororo kwa rula ya shule: pingili 24 zikiwa mpya zina urefu wa sentimeta 30.5 hivi, na zikizidi hapo kwa milimeta 3 mnyororo umevutika na utaanza kuyala meno. Mwisho, ipande pamoja na mzigo. Muuzaji atakayekataa usiipande na mzigo, mwachie baiskeli yake.

Tulichagua kusafiri mwezi wa Julai, na kuchagua mwezi ni sehemu ya kuchagua baiskeli. Wakati huo mvua za masika zimekwisha na pepo za kusi zinavuma. Mtu anayetoka Lindi kwenda kaskazini na kusi husukumwa mgongoni, kama majahazi yalivyosukumwa zamani. Anayesafiri njia hiyo hiyo wakati wa kaskazi hupigana na upepo siku zote. Kurudi, bila shaka, ndiko kulikokuwa na kazi. Barabara ni ya lami, na tangu Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003 magari makubwa yanayokwenda na kutoka Dar es Salaam yameongezeka sana. Tulivaa nguo nyeupe, tukafunga vioo vidogo kwenye usukani, na tuliposikia honi ya basi tulishuka pembeni bila kubishana. Njia hiyo ina adui mwingine, nayo ni maji. Mwezi Mei 2024, miaka miwili baada ya safari yetu, mvua za Kimbunga Hidaya ziliharibu madaraja upande wa Somanga na kuikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo twaongeza sharti moja ambalo halimo katika vitabu vya baiskeli. Msafiri awe na baiskeli ambayo, mizigo ikishushwa, anaweza kuinyanyua begani yeye mwenyewe.

Safari yenyewe hatutaisimulia kwa urefu. Ilituchukua siku tatu kwenda, kwa kuwa tulisimama sana. Watu waliotuuliza tunauza nini walistaajabu kusikia kwamba hatuuzi kitu. Penye daraja la Mbwemkuru kijana mmoja alituuzia machungwa, akaikagua baiskeli ya kike kwa makini, akauliza maswali mengi kuhusu mifuko ya turubai kuliko kuhusu Kilwa. Spoku moja ilikatika, ya Phoenix, kabla ya Kiranjeranje. Ilibadilishwa kijijini kwa muda usiozidi nusu saa. Kilwa Masoko tulizikabidhi baiskeli kwa mwenye nyumba ya wageni, tukavuka kwa mashua kwenda Kisiwani, tukatembea ndani ya Msikiti Mkuu kimya kwa muda mrefu. Wakati wa kurudi upepo wa kusi ulitupiga usoni toka Nangurukuru, na hapo kila mmoja alilishukuru friwili la meno 22. Mwalimu mwenzetu wa kike alitangulia mbele kwa sehemu kubwa ya siku ya mwisho, nasi tulijificha nyuma yake tusipigwe na upepo.

Baiskeli ile ingali Mtanda. Asubuhi binti yake huenda nayo shuleni, jioni huchukua madumu mawili ya maji. Kikapu cha mbele kilikatika kikabadilishwa kwa cha ukindu, na keria imeongezwa kipande cha ubao ili mtoto mdogo akae vizuri. Tairi la nyuma limebadilishwa mara mbili. La mbele ni lile lile lililokwenda Kilwa. Yule mama mzee, jirani, hupelekewa dawa zake kwa baiskeli hiyo, naye humtuma binti huyo pia dukani, kila siku, kununua tumbaku.